Uzi: Kufunga pampu ya umeme na ya mkono za kutoa maji kwenye boti ya mbao (Mwanza na visiwani)

Kayenze_Mwalo

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tujadili kwa kina ufungaji wa pampu za kutoa maji botini. Chombo ni cha mbao, urefu mita 9, mapana mita 2, injini ya nje ya farasi 15 ya kuwasha kwa kamba, haichaji betri. Kinabeba mizigo na dagaa kati ya Igombe na visiwani. Mataruma (mbavu za boti) yako kila baada ya sentimita 45, juu yake kuna mbao za kukanyagia. Kwa sasa maji yanatolewa kwa ndoo.

Ninachotaka ni pampu moja ya umeme inayojiwasha yenyewe na moja ya mkono. Ukubwa gani? Zikae wapi? Mpira wa kipimo gani, waya gani, na kitu gani huharibika kwanza? Jibu la "nenda dukani watakuelekeza" halitasaidia, dukani wanasoma boksi tu.

FundiNgama

Mkuu, tuanze na hilo boksi, maana ndilo linalopoteza watu wengi.

GPH iliyoandikwa pale ni galoni za Kimarekani kwa saa, na galoni moja ni lita 3.785. Pampu ya 1100 GPH ni kama lita 4,160 kwa saa, sawa na lita 69 kwa dakika. Ila kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa pampu ikiwa haipandishi maji popote, haina mpira mrefu, na umeme ni volti 13.6, yaani betri iko kwenye chaji. Ukishaifunga kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), ikapandisha maji mita moja na robo hadi karibu na ukingo, mpira ukakata kona mbili na betri iko volti 12.2, jihesabie lita 40 hadi 50 kwa dakika. Ukipata zaidi, shukuru.

Sasa linganisha na maji yanayoingia. Tundu la milimita 25 (kizibo cha chini kikichomoka ni kama hivyo) likiwa sentimita 40 chini ya usawa wa maji linaingiza takribani lita 50 kwa dakika. Kipenyo kikiwa maradufu, maji yanakuwa mara nne: tundu la milimita 50 ni lita 200 kwa dakika, na hakuna pampu ya boti ndogo itakayoshindana nalo. Pampu inakununulia dakika za kutafuta tundu na kuliziba. Kwa hiyo vizibo vya mbao laini vilivyochongwa kwa ncha, vitambaa na nyundo vikae botini hata kama pampu ni mpya.

Mvua nayo usiidharau. Boti yako ikiwa wazi, eneo linalopokea mvua ni kama mita za mraba 12. Mvua ya milimita 40 usiku mmoja wa masika inakuachia karibu lita 480. Hiyo ni nusu tani inayotembea kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine.

Ushauri wangu: 1100 GPH ndiyo ya kila siku. Ya 500 ni ndogo mno kwa mita 9. Hela ikiruhusu, weka ya pili ya 2000 GPH juu zaidi, sentimita 15 hivi kutoka ya kwanza, ikiwa na floti yake (swichi inayoelea, maji yakipanda inawasha pampu), fyuzi yake na mpira wake. Ya pili inabaki kavu na safi siku zote, na siku ikiwaka yenyewe nahodha anajua kwamba ya chini imezidiwa au imekufa.

Nahodha_Nansio

Vijana, kabla ya pampu angalieni njia ya maji. Kwenye boti ya mbao maji hayafiki kwenye pampu kama matundu ya chini ya mataruma yameziba. Magamba ya samaki, dagaa waliooza, nyuzi za nyavu, pamba ya kalafati (ya kuziba nyufa kati ya mbao) iliyochomoka, vyote vinaganda pale. Unakuta pampu imekauka tezi (nyuma ya boti), na katikati ya boti maji yamefika kwenye mbao za kukanyagia.

Kila taruma liwe na tundu pande zote mbili za mkuku (mti wa chini unaopita katikati ya boti), lisipungue milimita 20 kwa 25. Pitisha mnyororo mwembamba au kamba ya nailoni yenye mafundo ndani ya matundu yote kutoka omo (mbele) hadi tezi. Ukivuta mara mbili tatu mbele na nyuma, takataka zinaachia. Ni kazi ya dakika moja kila asubuhi.

Mahali pa pampu pasichaguliwe kwa macho. Boti ikiwa majini, mwaga ndoo mbili za maji ikiwa tupu na uone yanakokusanyika. Pakia mzigo wa kawaida, mwaga tena. Injini na nahodha wanakandamiza tezi, lakini magunia yakiwekwa mbele ya katikati, maji yanahamia huko. Kama sehemu ni mbili tofauti, basi ya umeme ikae penye maji wakati boti imefungwa mwaloni bila mtu, na chujio la pampu ya mkono likae penye maji ikiwa imepakia.

Kayenze_Mwalo

Shikamoo mzee. Hilo la kumwaga maji mara mbili nimelinukuu. Sasa kuikaza pampu chini, skrubu inapita kwenye ubao wa sakafu ya boti moja kwa moja?

FundiNgama

Hapana kabisa! Ubao wa chini una unene wa milimita 25 hivi, na skrubu ya inchi moja inatokea upande wa pili. Chukua kipande cha mbao ngumu, sentimita 12 kwa 12, unene milimita 20. Kipake epoksi pande zote, pamoja na matundu ya skrubu, kisha kigandishe kwa epoksi kwenye ubavu wa taruma au juu ya mkuku, mahali pakavu palipopigwa msasa. Kesho yake kaza kitako cha pampu kwenye kipande hicho kwa skrubu za stenlesi za milimita 16. Ukija kubadilisha pampu huna haja ya kugusa mwili wa boti tena.

Pampu nyingi za kuzama zina chujio linalobanwa kwa vidole viwili pembeni. Acha nafasi ya mkono kuingia na kulichomoa. Fundi akishaifukia chini ya mbao zilizopigiliwa misumari, hakuna atakayeisafisha mpaka iungue. Ubao wa juu yake uwe wa kunyanyua.

Mpira: kwa 1100 GPH nyingi zinataka milimita 28 au 29, yaani inchi moja na moja ya nane. Chukua mpira wenye ndani laini. Ule wa mikunjo-mikunjo ni rahisi kupinda lakini mikunjo inakokota maji na unapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya pampu. Mpira wa bustani nao usiuguse, ni mwembamba na jua la hapa linaupasua.

Upandishe moja kwa moja kutoka kwenye pampu hadi kwenye mdomo wa kutokea. Usiache ushuke halafu upande tena. Pale uliposhuka maji yanabaki, hewa inanaswa kati ya maji hayo na pampu, na pampu ya feni, kama hii ya umeme, haina uwezo wa kusukuma hewa. Utaisikia inazunguka vizuri, mlio mwembamba, na maji hayatoki hata tone.

Nahodha_Nansio

Na mdomo wa kutokea uwe juu, sentimita 30 juu ya mstari wa maji boti IKIWA IMEPAKIA. Pampu ya feni haina kitu ndani cha kuzuia maji kurudi. Mdomo ukizama, kwa mzigo au kwa boti kulala ubavu, ziwa linaingia kwa mpira uleule. Boti ikiwa haina ukingo mrefu, pandisha mpira hadi chini kabisa ya ukingo, uzungushe hapo juu kama upinde, ndipo ushuke kwenye mdomo. Kileleni mwa upinde weka kivunja-mvuto, kile kiungo chenye tundu dogo la kuingiza hewa. Bila hewa kuingia, upinde peke yake unaweza kuendelea kuvuta maji kurudi ndani pampu ikishazima.

BotiNaBetri

Au weka tu vali ya njia moja kwenye mpira, inamaliza yote hayo. Tena inazuia maji ya kwenye mpira kurudi chini na kuwasha floti upya kila baada ya dakika.

Volti12

Mkuu hapo sikubaliani nawe, na naomba nieleze kwa nini. Vali ya njia moja kwenye pampu ya feni ina ubaya wa aina tatu. Inapunguza maji hata ikiwa nzima. Gamba moja la sangara likikaa pale inapofungia, haifungi, na wewe uliyeitegemea kuzuia ziwa hujui. Na maji yaliyobaki juu yake yanaikandamiza, hewa inanaswa chini, pampu inashindwa kuifungua. Kwa kuzuia ziwa kuingia, tegemea kimo cha mdomo na upinde.

Hoja yako ya maji kurudi ni ya kweli lakini. Mpira wa milimita 28 wenye urefu wa mita 2 unabeba lita 1.2. Kwenye ngama nyembamba lita hiyo moja inapandisha maji sentimita kadhaa, floti inanyanyuka, pampu inawaka, inazima, inawaka, usiku kucha hadi betri inaisha. Dawa yake ni kuinua floti sentimita 3 hadi 5 juu ya kitako cha pampu, na kufupisha mpira. Ngama itabaki na maji kidogo, hayo ya mwisho chukua kwa sponji.

Floti ikae kwa urefu wa boti, isikae kwa mapana, na mbali na njia ya mawimbi ya ndani, la sivyo kila boti ikiyumba inawaka. Izungushie kizuizi cha plastiki chenye matundu ili kipande cha neti au mfuko usije ukaingia chini ya mkono wake. Floti iliyokwama juu inaua betri, iliyokwama chini inazamisha boti.

Sasa waya. Watu wananunua pampu nzuri halafu wanaifunga kwa waya wa spika. 1100 GPH inakula karibu ampea 4. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye pampu, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unapoteza kama volti 0.46. Kwa 2.5 unapoteza 0.28, ambayo ni kama asilimia 2.3, inakubalika. Pampu ya 2000 inayokula ampea 10 kwa umbali huohuo inataka waya wa 6. Chukua waya wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumbani wa uzi mmoja unakatika kwa mtikisiko.

Mpangilio: kutoka chanya ya betri, fyuzi ndani ya sentimita 20, halafu swichi ya sehemu tatu: YENYEWE, ZIMA, LAZIMISHA. Njia ya YENYEWE inapita kwenye floti, njia ya LAZIMISHA inakwenda pampu moja kwa moja. Njia hii yote isipitie kwenye swichi kuu ya betri, kwa sababu mtu akizima swichi kuu akienda kulala, anakuwa amezima na pampu. Weka taa ndogo inayowaka pampu ikifanya kazi. Rangi za nyaya hazifanani kwa kila kampuni, soma karatasi ya pampu yako, usiige ya jirani.

Fyuzi iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye pampu. Hii ni muhimu kuliko wanavyofikiri wengi. Feni ikikwama, mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Fyuzi sahihi inakatika. Ukiwa umeweka ya 30 "isisumbue", fyuzi inapona na mota inaungua, au waya unawaka kwenye boti yenye madumu ya petroli.

Mama_Dagaa

Asante kaka Volti12. Mimi nauliza kuhusu maungio. Waya wa pampu unakuja mfupi, lazima uungwe, na pale pa kuunga ndipo panapooza kila mara hata ukizungusha mkanda wa umeme mara kumi.

Volti12

Dada, mkanda wa umeme hauzuii maji, unayafungia ndani. Ukiufungua baada ya miezi michache utakuta unga wa kijani na nyuzi za shaba zinakatika kama majani makavu. Waya wa chanya ukiwa na umeme muda wote ndani ya maji, shaba inaliwa hata kwenye maji baridi ya ziwa.

Fanya hivi. Pandisha waya wa pampu juu, uungie pale maji yasipofika kamwe, chini ya ukingo. Tumia viungio vya kubana kwa koleo lake, si kwa meno ya plaizi. Kila waya uvalishe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Ukiupasha, ngoja hadi uone gundi imechungulia ncha zote mbili. Isipochungulia, hapajaziba. Kabla ya kuingia kwenye kiungio waya ushuke kidogo na kupanda, ili maji yanayoteremka juu yake yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani.

Kayenze_Mwalo

Na betri? Injini haichaji.

Volti12

Betri ya N70, ya ampea-saa 70, usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una 35. Pampu ya ampea 4 ikiwaka mfululizo inamaliza hizo ndani ya saa nane na robo tatu. Ikiwaka dakika 10 kila saa, ni ampea-saa 16 kwa siku. Sola ya wati 50 kwa saa tano za jua zuri inarudisha 15 hivi ukitoa upotevu, kwa hiyo inatosha kwa shida, na siku za mawingu haitoshi. Weka ya wati 80 na chaji kontrola. Na betri ya taa za dagaa isiwe ndiyo ya pampu. Taa zikishainyonya hadi alfajiri, pampu inabaki na nini?

Kama pampu inawaka dakika 10 kila saa boti ikiwa imefungwa tu, tatizo lako ni kalafati. Ipandishe nchi kavu.

FundiNgama

Nije kwenye ya mkono, maana watu wanaichukulia kama pambo.

Chukua ya kiwambo cha mpira, mdomo wa milimita 38, yaani inchi moja na nusu. Inameza magamba na dagaa mzima bila kuziba, kitu ambacho ya umeme haiwezi. Kila mvuto wa lita 0.8 hivi, mivuto 45 kwa dakika, unapata lita 36. Mtu mmoja hawezi mwendo huo zaidi ya dakika chache, kwa hiyo mkono wake uwe mrefu na mahali pawe pa kukaa vizuri, miguu imekita. Nahodha aweze kuivuta kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye injini. Pampu iliyofungwa omo, chini ya magunia, haipo.

Ikaze kwa bolti zinazopita, si skrubu. Nyuma ya ubao weka bamba la mbao ngumu au stenlesi, kwa sababu mtu akiwa na hofu anavuta kwa mwili mzima na skrubu zinang'oka na ubao wake. Mkono wa pampu ufungwe kwa kamba palepale, usiwe wa kutafutwa gizani.

Mpira wa kuvuta uwe mgumu, wenye waya wa chuma au plastiki ngumu ndani. Mpira laini unajikunja kwa ndani ukivuta, na utadhani pampu imekufa. Mwishoni weka chujio lenye matundu ya milimita 8 hadi 10, na jumla ya eneo la matundu izidi eneo la mpira mara mbili au zaidi.

Wapo wanaosema ziwa letu liko juu sana, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana pampu za kuvuta hazina nguvu. Kweli hewa ni nyepesi na kikomo cha kuvuta kinashuka kutoka mita 10 na kidogo hadi kama 9, lakini wewe unavuta mita moja na nusu. Kinachokuangusha ni hewa inayopenya kwenye maungio. Kila ungio la kuvuta lipate klipu mbili za stenlesi. Kujua kama kuna upenyo, ziba mdomo wa chujio kwa kiganja, mwenzako avute mara tatu. Kiganja kisiponyonywa na kubaki kimenatana, hewa inaingia mahali. Paka maji ya sabuni kwenye kila ungio, vuta tena, utaona povu linamezwa.

Zikiwa nzima zote na bado haivuti, fungua vali. Kijiti kimoja cha kuni kinatosha kuishikilia wazi. Nunua kiwambo na vali za akiba siku unayonunua pampu, maana baadaye modeli inakosekana na unabaki na chuma kitupu.

Mama_Dagaa

Kwa sisi wa dagaa ya umeme inaziba kila safari. Kuna dawa?

FundiNgama

Dada, ifungie ndani ya kikapu. Chukua dumu la lita 10, kata juu, toboa pande zote matundu ya milimita 5, mengi sana, lisimamishe juu ya pampu kama kofia. Dagaa wanabaki nje, na eneo la kuchuja linakuwa kubwa mara nyingi kuliko chujio dogo la pampu. Safisha kila mkishapakua.

Halafu mara moja kwa mwezi toa pampu kitakoni na utazame chini ya feni. Uzi wa neti unajizungusha kwenye shafti, duara juu ya duara, hadi unakuwa mgumu kama pete, unakula sili, maji yanaingia kwenye mota. Mota haitakufa siku hiyo, itakufa baada ya wiki mbili, na utalaumu umeme. Ukate kwa wembe, usiuvute.

Nahodha_Nansio

Nyongeza ya petroli. Harufu ya petroli ikisikika kwenye ngama, pampu ya umeme isiguswe, na swichi irudi ZIMA kabla haijajiwasha yenyewe. Fungua mbao, acha upepo upite, chota mafuta kwa kopo na matambara. Hayo maji yasimwagwe ziwani. Mwanza inakunywa maji ya ziwa hilihili, yanavutwa pale Capri Point.

BotiNaBetri

Wakuu nimekubali kuhusu vali. Swali la mwisho kutoka kwangu: nitajuaje kama ufungaji wangu ni mzuri kabla ya kwenda majini?

Volti12

Ukiwa nchi kavu, mimina lita 100 kwenye ngama. Washa, kinga kwa ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa kutokea na uhesabu sekunde. Sekunde 25 ni lita 48 kwa dakika, umefanya vizuri. Sekunde 40 ni lita 30, kuna kitu: pima volti kwenye nyaya za pampu YENYEWE IKIWA INAFANYA KAZI, usipime kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, shida iko kwenye waya au maungio. Isipozidi, tazama mpira. Andika sekunde zako kwa rangi kwenye ubao karibu na swichi, na urudie kila mwezi. Ikipanda kutoka 25 hadi 32, safisha kabla haijasimama.

Kayenze_Mwalo

Nashukuru sana wakuu, na wewe mzee wangu. Moja tu limebaki. Nataka kupunguza matundu kwenye mwili wa boti. Naweza kuunganisha mpira wa ya mkono na wa umeme kwa kiungo cha Y, zitokee mdomo mmoja?

FundiNgama

Usifanye hivyo. Ya feni iko wazi muda wote, kwa hiyo ukivuta ya mkono maji yatachagua njia rahisi, yatashuka kupitia ya umeme na kurudi kwenye ngama. Utavuta hadi mabega yaume na maji hayapungui. Toboa tundu la pili, la mdomo wa milimita 38, ubavu mwingine, kimo kilekile cha sentimita 30. Kingo za tundu zipake epoksi kabla ya kuweka mdomo, ubao usinywe maji. Na midomo hiyo iwe pande mbili tofauti, ili boti ikilalia upande mmoja, wa pili ubaki juu.